Kamera ya kopo inanipotezea watu wa Katonga: nifanyeje?

Makopo wa Ujiji

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba msaada kwa yeyote anayejitengenezea kamera, au aliyewahi kukaa karibu na wazee wa studio za zamani.

Mimi napiga picha kwa makopo ya maziwa ya unga. Kopo lina upana wa sentimita 10. Ndani nimelipaka masizi ya sufuria yaliyokorogwa na gundi ili lisirudishe mwanga, na ubavuni nimekata kidirisha nikakiziba kwa bati jembamba la kopo la soda. Kwenye bati hilo ndipo lilipo tundu. Nabonyeza sindano ya kushonea namba 10 taratibu, nasugua kichuguu kinachotokea upande wa pili kwa msasa laini, nabonyeza tena, mpaka duara litoke safi bila makunyanzi. Linakuja chini kidogo ya nusu milimita. Lenzi hakuna. Karatasi za picha nyeusi na nyeupe aliniachia mjomba, aliyekuwa na studio hapa Ujiji enzi za filamu. Zimekaa kabatini miaka mingi, kingo zina ukungu, lakini katikati bado zinashika picha vizuri sana.

Chumba cha giza ni stoo ya nyumbani, usiku. Taa ni ile nyekundu ya nyuma ya baiskeli. Niliipima kwanza kwa kuweka sarafu juu ya karatasi chini ya taa hiyo dakika tano kisha nikaisafisha karatasi kwenye dawa ya kutokeza picha: haikubaki alama ya duara, basi taa ni salama. Nawaandikia hili maana najua wapo wanaotamani kuanza na wanadhani lazima wanunue taa maalumu.

Kwa kitu kisichosogea nimeridhika. Stesheni ya reli ya Kigoma, ile ya Wajerumani, imetoka nzuri. Miembe ya Ujiji imetoka mpaka mikunjo ya magome. Karatasi inakaa imepinda kufuata ukuta wa kopo, kwa hiyo nyumba nayo inapinda, na mimi napenda ikae hivyohivyo.

Shida yangu ni watu. Kwa jua kali la saa tano asubuhi karatasi hii inataka sekunde 40 hivi. Pale Katonga, ufukweni wanakoanika dagaa, kwa sekunde 40 mama amekwisha tandaza dagaa, amegeuza wengine, amefukuza kunguru, amebeba ndoo na kuondoka. Nikisafisha picha naona mitumbwi ipo, chanja zipo, dagaa wapo wametandazwa vizuri, aliyewatandaza hayupo. Hilo linaniuma. Picha ya namna hiyo inasema dagaa wa Kigoma wanajianika wenyewe.

Kuna bibi alikubali kukaa juu ya ndoo yake bila kutikisika na ametoka vizuri mno. Lakini kukaa si kazi yake, na mimi nataka kuionyesha kazi yake.

Maswali yangu: nitafupishaje muda bila kuacha karatasi nilizonazo wala kamera ya kujitengenezea? Pili, nataka mtu aione picha yake palepale ufukweni, si wiki ijayo. Tatu, dawa ya kugandishia picha, ile inayoizuia isiharibike ikitoka kwenye mwanga, inaniishia. Nimesikia chumvi inaweza kufanya kazi hiyo, na sisi huku chumvi ya Uvinza ipo tele. Ni kweli?

Buzebazeba

Mkuu, simu yako inapiga picha hiyo kwa sehemu ya mia ya sekunde na mama anaiona hapohapo. Kwa nini ujitese?

Makopo wa Ujiji

Simu ninayo na naitumia. Ila picha ya simu inabaki kwangu. Yule bibi wa ndoo nilimpelekea karatasi, ameiweka kwenye fremu ya kioo juu ya mlango. Halafu kuna jambo jingine: nikifika na kopo, watu wanauliza, wanalishika, wanachungulia tundu, watoto wanataka kujua picha inaingiaje bila lenzi. Nawaeleza kwamba mwanga unakwenda njia iliyonyooka, wa juu unapita tunduni unaangukia chini, wa chini unaangukia juu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyachunguza mambo haya ya mwanga na tundu miaka elfu moja iliyopita. Mtoto wa darasa la nne anaelewa kwa kuchungulia tu. Simu haifunguki hivyo.

Fundi wa Isevya, Tabora

Marahaba mdogo wangu. Mimi ni seremala, nimetengeneza masanduku ya picha kwa kujifurahisha muda mrefu sasa. Ngoja nikueleze kwa hesabu, maana ukiijua hesabu hutabahatisha tena.

Chukua umbali kutoka tunduni hadi kwenye karatasi, ugawe kwa upana wa tundu. Kopo lako: milimita 100 kwa 0.46, unapata kama 217. Namba hiyo ikipungua nusu, muda unapungua mara nne. Ikipungua mara kumi, muda unapungua mara mia. Ukipanua tundu bila lenzi picha inafifia, haina makali. Kwa hiyo unahitaji lenzi, na lenzi ipo mnadani: miwani ya kusomea.

Gawa 100 kwa namba ya miwani. Ya +4 inakusanya mwanga kwa sentimita 25. Ukibandika vioo viwili vya +4 pamoja inakuwa +8, sentimita 12 na nusu. Mbele yake weka kadi nyeusi yenye tundu la milimita 5. Sasa gawa: 125 kwa 5 ni 25. Kutoka 217 hadi 25 muda umepungua mara 75. Sekunde zako 40 zimekuwa kama nusu sekunde. Mama anayeinama kugeuza dagaa utampata. Mkono utakuwa na ukungu kidogo, na mimi naona huo ukungu ndio unaoonyesha kwamba mkono unafanya kazi.

Ukipanua tundu hadi milimita 8 unashuka kwenye sehemu ya tano ya sekunde, ila kingo za picha zitalainika sana. Anza na 5.

Kuhusu kuiona palepale, tafuta habari za wapiga picha wa barabarani wa Afghanistan na sanduku lao la mbao liitwalo kamra-e-faoree. Sanduku lenyewe ndilo kamera na ndilo chumba cha giza. Ubavuni lina mkono wa nguo kama wa koti, unaingiza mkono wako bila mwanga kupenya. Ndani kuna visahani viwili, cha dawa ya kusafishia na cha kugandishia, na kitundu cha kuchungulia chenye kioo chekundu. Unapiga kwenye karatasi, unaisafisha humohumo, inatoka negativu: nyeupe imekuwa nyeusi. Unaisuuza, unaiweka kwenye kibao mbele ya lenzi, unaipiga picha ile negativu kwenye karatasi nyingine. Hasi ya hasi inakuwa chanya. Mteja anaondoka na picha.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea vipimo. Ili kunakili negativu kwa ukubwa uleule, inatakiwa ikae mbele ya lenzi mara mbili ya ule umbali ambao lenzi inakusanya mwanga, na karatasi nayo nyuma mara mbili. Ukitumia kioo kimoja cha +4 sanduku linakuwa na nusu mita kwenda ndani, utalibebaje hadi Katonga? Ukitumia viwili vilivyobandikwa, sentimita 25 mbele na 25 nyuma. Sanduku la sentimita 35 linatosha, na ubao wa nyuma unaoshika karatasi uteleze kwenye reli mbili za mbao. Wakati wa kunakili mwanga unafika robo tu, basi ongeza muda mara nne.

Makopo wa Ujiji

Mzee, Mungu akuzidishie. Hili la vioo viwili nisingelifikiria. Kesho naanza kutafuta miwani kule Mwanga, mjini Kigoma.

Mwl. Kemia, Kasulu

Nimefurahi kukuta mjadala huu. Nianze na chumvi.

Karatasi ya picha ina chembe za madini ya fedha zilizoungana na bromini au klorini. Zilizopigwa na mwanga, dawa inazigeuza kuwa fedha nyeusi. Ambazo hazikupigwa zinabaki, na usipoziondoa zitakuja kuwa nyeusi siku utakapotoka na picha juani. Kugandisha ni kuziondoa hizo. Miaka ya 1830 Mwingereza William Henry Fox Talbot alitumia maji ya chumvi nyingi, ya kawaida tu, na picha zilidumu kiasi. Kilichokuja kumaliza tatizo ni thiosulfeti ya sodiamu, ambayo mwanasayansi John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba inayeyusha chembe hizo za fedha, akaipendekeza kwa picha mwaka 1839. Mpaka leo ndiyo tunayoitumia.

Kwa hiyo chumvi ya Uvinza inafanya kazi, polepole. Gramu 300 kwa lita, picha ilale humo usiku kucha hadi kesho yake wakati kama huo, gizani. Kwa karatasi inakubali zaidi kuliko kwa filamu, maana filamu ina iodini ndani yake na chumvi haiwezi kuiyeyusha hiyo. Ila kwa picha ya kumpa mtu palepale haifai. Akiba ya thiosulfeti iweke kwa picha za ufukweni, na za nyumbani ambazo huna haraka nazo tumia chumvi.

Sasa dawa ya kusafishia. Hiyo unaweza kuipika mwenyewe bila kuagiza chochote. Mwaka 1995 Scott Williams na wanafunzi wake wa Rochester Institute of Technology, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya unga wa kuyeyuka pamoja na soda ya kufulia (kaboneti ya sodiamu) inasafisha filamu. Baadaye watu wakaongeza vitamini C, ikawa na nguvu zaidi. Kinachofanya kazi si ile kafeini inayokukesha usiku. Ni asidi ya kafeiki. Ndiyo maana robusta inashinda arabika kwa kazi hii, na kahawa ya kopo ya Bukoba, ambayo ina robusta, inafaa sana.

Kwa lita moja ya maji: soda hiyo ya kufulia, ikiwa kavu, gramu 54, vitamini C gramu 16, kahawa gramu 40. Filamu ni dakika 15 kwa nyuzi 20. Kwa karatasi usihesabu dakika, angalia kwa taa nyekundu mpaka picha ikolee. Kigoma maji ya bomba yana joto zaidi ya nyuzi 20, kwa hiyo kazi itakwenda haraka. Yachote mtungini asubuhi.

Soda huna? Magadi ya mawe unayo jikoni, yale ya kulainishia maharage. Magadi ni kaboneti iliyochanganyika na bikaboneti na maji. Yaponde, yakaange kwenye kikaango kikavu juu ya mkaa, ukikoroga. Maji na gesi ya kaboni vinatoka, inabaki soda. Gramu 100 za magadi safi zinakuachia kama 70. Magadi ya sokoni yana mchanga na chumvi, kwa hiyo yayeyushe, chuja kwa kitambaa, na ujaribu kwanza kwa kipande kidogo cha karatasi.

Kwa ukungu wa karatasi za mjomba wako: ongeza gramu 10 za chumvi yenye madini joto kwa lita ya dawa. Inazuia zile chembe zilizoharibika kwa uzee zisigeuke nyeusi ovyo.

Vyombo vya kazi hii visirudi jikoni kamwe, hata kama ndani ni kahawa.

Kiberiti

Mimi nipo Tabora pia. Naongeza njia nyingine kwa anayepata filamu. Kamera ya kiberiti: kiboksi cha njiti, tundu la kama 0.17 milimita, umbali milimita 15. Hesabu ya fundi inakupa 88. Kwa filamu ya kasi ya ISO 400 na jua kali unahitaji chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu anatembea na unampata bila lenzi yoyote. Filamu inatoka kwenye kasha lake, inapita nyuma ya kiberiti, inaingia kwenye kasha tupu la upande wa pili, na unaizungusha kwa kijiti. Mwaka 1979 jarida la vijana la Chekoslovakia lilichapisha kamera nzima ya kukata kwa mkasi, Dirkon, ya karatasi tupu, nayo inatumia filamu hiyohiyo ya milimita 35. Kubwa ni kuipata filamu. Huku mikoani lazima uagize.

Makopo wa Ujiji

Wakuu nimerudi na majibu. Sanduku limekamilika. Mbao nyembamba, mkono wa koti la zamani umegongwa misumari ubavuni, vioo viwili vya +4 vimebandikwa mgongo kwa mgongo ndani ya pete ya bomba la plastiki. Kioo cha kutazamia nimekisugua kwa msasa na maji mpaka kikawa cha maziwa. Nilipokiweka mahali pa karatasi na kulielekeza sanduku ufukweni, niliona Katonga nzima imesimama kichwa chini, inatembea, rangi zote. Watoto waligombania kuangalia mpaka mama mmoja akawapanga foleni.

Kuna jambo limenichukua muda kulielewa na nalitoa kwa atakayefuata. Picha ilikuwa kali kwenye kioo, lakini kwenye karatasi inatoka laini. Sababu ni kwamba jicho linalenga kwa mwanga wa njano na kijani, na karatasi hii inaona bluu tu. Lenzi ya miwani inaikutanisha bluu karibu zaidi kuliko njano. Ukishalenga kwa jicho, sogeza ubao wa karatasi milimita mbili au tatu kuelekea kwenye lenzi. Nimechora alama kwenye reli na sasa nywele zinahesabika.

Hiyohiyo ya bluu ina mambo mengine. Kanga nyekundu inatoka nyeusi. Ya njano nayo inakaribia nyeusi. Ya bluu inatoka nyeupe. Mama aliyependeza kwa kanga nyekundu na njano anatoka kama yupo kwenye msiba, kwa hiyo sasa nawaeleza mapema, na wengine wanakwenda kubadilisha. Na ngozi zetu zinatoka nyeusi kuliko zilivyo, sura inazama. Dawa yake ni kumpa mtu mwanga mwingi zaidi, nafungua karibu sekunde nzima, na namgeuza uso uelekee ziwani ambako anga ni wazi. Mchanga unaungua unakuwa mweupe mtupu, lakini macho yanaonekana, na kati ya mchanga na macho mimi nachagua macho.

Nimempata yule mama wa kunguru. Ameinama, mkono wa kulia umefifia, uso umetulia, dagaa wanang'aa chini. Nikamnakilia palepale. Aliishika ikiwa bado mbichi akaenda kuwaonyesha wenzake kwenye chanja, ikarudi ina alama za vidole vyenye magamba. Nikamtengenezea nyingine, ile ya magamba nimebaki nayo mimi.

Naomba kila mmoja ruhusa kabla ya kufungua tundu. Nimesoma habari za Miroslav Tichý wa Kyjov, aliyetengeneza kamera kwa makopo na kadibodi na kung'arisha lenzi kwa dawa ya meno na majivu ya sigara. Ufundi wake naustaajabia. Kuwapiga wanawake wakiwa hawajui, hilo siliungi mkono hata kidogo.

Fundi wa Isevya, Tabora

Hongera mdogo wangu. Hizo milimita mbili tatu hata wapiga picha wa mwanzo kabisa ziliwasumbua. Gundi ya vioo iwe kingoni tu, isiingie katikati.

Mtazama Jua

Naomba nichomekee. Makopo yako ya zamani usiyatupe. Karatasi zilizoota ukungu zinafaa kwa picha ya miezi. Unalifunga kopo mahali, tundu wazi, kuanzia tarehe 21 Juni hadi 21 Desemba, na kila siku jua linachora mstari wake. Husafishi kwa dawa, unaitoa karatasi gizani, unaiskani mara moja na kuigeuza kwenye kompyuta. Kuna moja ilisahaulika kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Bayfordbury, Uingereza, ndani ya kopo la bia, kuanzia 2012 hadi 2020. Ina mistari 2,953.

Picha za Ulaya zina matao ya mlalo kwa sababu jua lao linakwenda kwa kuinama. Kigoma ipo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Ukilielekeza kopo magharibi, ng'ambo ya ziwa kwenye milima ya Kongo, jua litashuka karibu wima, na mistari itajipanga kuanzia kulia, mwezi wa sita, hadi kushoto, mwezi wa kumi na mbili. Ziba vizuri kwa mvua za Novemba. Na usilifunge karibu na bandari wala stesheni. Kopo lisilojulikana linatia watu wasiwasi. Mwone mwenyekiti wa mtaa, andika juu yake ni kitu gani.

Makopo wa Ujiji

Asante sana ndugu. Juu ya paa la nyumba yetu magharibi ni wazi kabisa, nitalifunga hapo.

Mwalimu, swali la mwisho. Dawa ya kugandishia iliyotumika naimwaga wapi? Sanduku nafanyia kazi hatua chache kutoka majini na sitaki kuimwaga ziwani.

Mwl. Kemia, Kasulu

Usiimwage kabisa, ina fedha iliyoyeyuka na ni sumu kwa viumbe vya majini. Ikusanye kwenye dumu, tumbukiza steeliwaya ya kusugulia sufuria, ile ya chuma inayoshika kutu. Chuma kinayeyuka, fedha inaganda mahali pake kama tope jeusi. Iache siku kadhaa, kisha chuja, na tope liweke.

Makopo wa Ujiji

Nimeelewa. Na ile chumvi yenye madini joto, naiweka kabla ya kahawa au baada?

Mwl. Kemia, Kasulu

Kabla. Soda kwanza mpaka iyeyuke yote na maji yawe meupe, vitamini C, chumvi, kahawa mwisho. Subiri povu lishuke ndipo uanze.